Shujaa na Muuguzi: Tahakiki ya Sitiari ya Vita katika Usemi wa UVIKO-19

Tangu wagonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 walipotangazwa nchini Kenya (13 Machi 2020) na Tanzania (16 Machi 2020), usemi wa umma katika Kiswahili uliukabili ugonjwa huo kwa msamiati wa vita. Virusi vikawa adui, na wahudumu wa afya wakawa mashujaa walio mstari wa mbele. Susan Sontag alikwisha kuonya mwaka 1978 kwamba sitiari za kijeshi humwongezea mgonjwa mzigo. Hoja hiyo yafaa kupanuliwa, kwani sitiari hizo humwelemea pia anayemtibu.

Kwa mujibu wa Lakoff na Johnson (1980), sitiari huangaza upande mmoja wa dhana na kuufunika mwingine. Neno shujaa huangaza ujasiri. Kinachofunikwa ni hofu ya kuipelekea familia maambukizi, kukosa usingizi, sonona, na majonzi ya kushuhudia wagonjwa wakikata roho mbali na jamaa zao. Shujaa akikiri kuchoka, huonekana ameupoteza ushujaa. Akigoma, huonekana amelikimbia jeshi. Kasoro hiyo ilidhihirika Desemba 2020, wauguzi na maafisa wa kliniki walipogoma nchini Kenya wakidai, miongoni mwa mengine, vifaa vya kujikinga na bima ya afya. Sifa walikuwa wamekwisha kupewa. Kinga walikuwa bado wanaidai.

Ni kweli kwamba sifa hutia moyo, na wapo walioipokea kwa shukrani. Hata hivyo, Kiswahili kina neno linalomtendea mhudumu haki zaidi. Nomino muuguzi hutokana na kitenzi uguza, kilichonyambuliwa kutoka ugua kwa ruwaza ileile ya pungua na punguza. Kimofolojia, uguza ni kitenzi cha kusababisha. Kisemantiki, hakimfanyi mtu augue, bali humweka mtendaji kando ya anayeugua. Isitoshe, mtu huuguza mgonjwa, na pia huuguza jeraha lake mwenyewe. Kitenzi kimoja humbeba anayetunza na aliyeumia.

Etimolojia haitibu sonona, wala haizibi pengo la washauri nasaha hospitalini. Lakini usemi unaomtambua muuguzi kuwa mtu awezaye kuugua humwachia nafasi ya kusema kwamba ameelemewa, na humfanya mwajiri awajibike kumsikiliza. Sitiari ya shujaa huwanyima wote wawili nafasi hiyo.