Kiti Kisichotajwa Mti Wake

Ukisoma orodha za makumbusho ya Ulaya kuhusu sanaa za bara letu, utakuta kwenye safu ya malighafi neno moja likijirudia ukurasa baada ya ukurasa. Wajerumani huandika Holz, Wafaransa bois, nasi tukifasiri huandika "mbao", basi. Mimi niliyejifundisha Kijerumani kwa kamusi na subira sijapata kukutana na neno jepesi kufasiri kuliko hilo, wala lenye kuficha mengi zaidi.

Nazungumzia khasa kiti kirefu cha Wanyamwezi kilichomo katika Makumbusho ya Ethnolojia ya Berlin, kilichochukuliwa mwishoni mwa karne ya 19, zama Wajerumani walipokuwa wakiitawala Tanganyika. Kina miguu mitatu na mgongo uliosimama, na kwenye mgongo huo limechongwa umbo la mtu. Wahakiki wamelisifu umbo hilo kwa haki. Mwaka 1994, sanaa za Tanzania zilipoonyeshwa Berlin na Munich, kitabu cha maonyesho kilitolewa kwa Kijerumani na Kiswahili pamoja, heshima ambayo lugha yetu haikuzoea kupewa na wachapishaji wa huko. Hata hivyo, mtu anayetaka kujua ni mti gani uliomchukua mtemi yule hapati jawabu katika neno "mbao". Na madai yangu ni kwamba kiti cha namna hii hakiwezi kuhakikiwa kwa umbo peke yake, maana umbo limetoka katika tabia ya mti.

Sisi wa visiwani tunapofikiri kiti cha heshima tunafikiri kiti cha enzi: vipande vingi vilivyounganishwa kwa ulimi na tundu, kamba zilizosukwa, njumu za pembe au mfupa. Fundi wa kiti hicho ana nafasi ya kujirekebisha. Mguu ukipinda atachonga mwingine, na kila kipande anaweza kukitafutia mti wake. Isumbi la Wasukuma na jirani zao Wanyamwezi lina sheria nyingine. Kikalio, miguu, na mgongo ukiwapo, vyote hutoka katika gogo moja, bila gundi wala msumari. Ufa ukitokea, hakuna kipande cha kubadilisha.

Na gogo hupenda kupasuka. Mti mbichi ukikauka husinyaa kwa kufuata duara lake takriban mara mbili ya unavyosinyaa kuelekea moyoni, na mvutano huo ndio unaofungua nyufa tunazoziona kwenye vinu vilivyochongwa kwa haraka. Mchongaji mjuzi kwa hiyo hulipasua gogo kwanza, akauacha moyo nje ya kazi yake. Huchonga mti ukiwa mbichi, wakati tezo inauingia vizuri, kisha hukiacha kiti kikauke polepole kivulini. Lakini kabla ya ustadi wote huo pana uchaguzi: lazima apate mti unaosinyaa kidogo.

Hapo ndipo mninga ulipopata cheo chake. Katika miti ya miombo inayoanzia Kahama na Bukombe na kuendelea hadi Tabora na Katavi, ni michache inayotulia kama mninga baada ya kukauka. Mti wake wa ndani, wenye rangi kati ya asali na damu, hustahimili mchwa. Ule mweupe wa nje hubunguliwa upesi, na fundi mwaminifu huuondoa wote ingawa unampunguzia upana. Ukiutia shoka mti uliosimama hutoka utomvu mwekundu, na ndiyo maana watu wa bara wameuhusisha na dawa za damu. Mkola nao una nguvu, pengine kuliko mninga, ila ni mzito na mgumu kwa tezo. Msomaji wa Lamu asidhani kwamba mkola ni mgeni kwake: ndio ule ule mbambakofi wa milango yao, nao ndio mkongo wa kwengineko. Mti mmoja, majina matatu, na kamusi zetu nyingi zinatosheka kusema "aina ya mti".

Washairi nao hawajasalimika. Katika tungo zetu mpingo umefanywa mti wa kila kitu: weusi, uthabiti, uzuri, uzalendo. Sina ugomvi na mpingo. Lakini shina lake ni jembamba na mara nyingi lina mifereji, huchukua miongo mingi kukomaa, na likikaushwa kwa pupa hupasuka vibaya. Hufaa zumari, rungu, njumu na sanamu. Kwa isumbi la gogo moja ni mara chache utapata upana wa kumtosha mtu mzima. Anayeimba kwamba babu wa Kisukuma aliketi juu ya mpingo huenda ametafuta vina tu. (Wauza vinyago wanaopaka miti myeupe rangi ya viatu ili iitwe mpingo wamejifunza somo hilo hilo la jina kubwa kuliko mti.)

Sasa njoo Geita. Dhahabu ya huko ilichimbwa na mgodi mkubwa tangu miaka ya 1930 hadi 1966, na mgodi mwingine mkubwa ulianza mwaka 2000. Pembeni yake, na katika ukanda wote hadi Kahama, wako wachimbaji wadogo, na maduara yao hushikiliwa na matimba, yaani magogo yanayozuia udongo usiporomoke. Timba halichaguliwi kwa rangi wala kwa nyuzi zake. Huchaguliwa kwa kuwa halivunjiki na halitaoza upesi. Kwa bahati mbaya hizo ndizo sifa za mti wa samani. Simlaumu mchimbaji. Mtu aliye chini ya tani za udongo ana haki ya kutaka mti bora kuliko mimi ninayetaka pa kukalia nikiandika beti. Lakini tuseme wazi kwamba mchongaji na mchimbaji wanauendea mti mmoja, na fedha za shimoni zikipanda juu hununua kitanda cha mninga chenye kichwa cha nakshi. Shimo limeuchukua mti mara mbili.

Na mninga haurudi kwa kuambiwa. Mche wake hukauka juu kila kiangazi na kuchipua tena mvua zikinyesha, mwaka baada ya mwaka, huku mzizi ukinenepa chini. Hukaa hivyo miaka mingi kabla ya kusimamisha shina la kudumu. Anayepita huona kijiti kisicho na maana. Mwaka 2022 jamii yake yote ya Afrika, pamoja na ya mkola, iliingizwa katika orodha ya miti ambayo biashara yake ya kimataifa inasimamiwa na mkataba wa CITES. Mpingo ulikwisha kuingia kabla ya hapo. Kitanda kinachouzwa Geita mjini, hata hivyo, hakivuki mpaka wowote.

Shinyanga ina kisa chake, nacho kinatia moyo kwa kiasi. Nchi hiyo ilifyekwa ili kumaliza mbung'o na kupanua pamba na malisho, mpaka upepo ukabaki na kazi moja ya kuhamisha vumbi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza 1986, uliwarejesha watu kwenye desturi yao ya ngitili, malisho yanayofungwa wakati wa mvua. Ngitili zilizorekodiwa zilikuwa takriban hekta 600 mwaka huo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilipita 300,000. Miti iliyorudi zaidi ni migunga. Ni neema kwa ng'ombe na kuni, si kwa seremala.

Ndiyo maana nashangaa kuwa mafundi na wateja wao hawautazami mjohoro, uliopandwa majumbani na mashuleni kote huko. Mti wake wa ndani ni mweusi wenye michirizi ya kahawia, mgumu, na sura yake haihitaji rangi. Shina si nene. Hautatoa kiti cha mtemi, ila kigoda cha miguu mitatu utatoa. Mwarobaini pia wafaa, ingawa nyuzi zake hupishana na haung'ai sana. Afadhali kigoda cha mjohoro kinachoitwa mjohoro kuliko msonobari uliokandikwa vanishi nyekundu ukaitwa mninga, kama tunavyouziwa siku hizi bara na visiwani.

Wataalamu wa mbao wanaweza kutambua jamii ya mti kwa kijisehemu kidogo mno kilichowekwa chini ya hadubini. Kiti cha Berlin kinastahili uchunguzi huo, na vile vile vigoda vya makumbusho yetu wenyewe, kuanzia Bujora. Hadi utakapofanywa, nikipewa orodha ile kuifasiri, pale palipoandikwa Holz nitaandika "mti usiotajwa".