Dizeli Huokolewa Karakanani

Tangu mwaka 2024 treni za umeme za Shirika la Reli Tanzania zinakimbia kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na sifa zote zimehamia huko. Reli ya zamani, ile ya upana wa mita moja iliyofika Kigoma mwaka 1914, treni zake bado zinavutwa na vichwa vya dizeli, na karakana yake kuu ya vichwa hivyo iko Morogoro. Kazi ya karakana ya namna hiyo inastahili kutazamwa bila haraka.

Anza na moshi. Kichwa kinachotoa moshi mweusi mfululizo kinatupa mafuta hewani, kama koroboi iliyopandishwa utambi kupita kiasi. Fundi hakimbilii kufungua injini. Kwanza hukagua chujio la hewa, maana injini iliyokosa pumzi haiwezi kuunguza dizeli yote. Kisha huchomoa nozo inayopulizia dizeli ndani ya injini, huifunga kwenye mashine ya kupimia, hupiga pampu ya mkono na kutazama. Nozo nzima hufunguka kwa shinikizo lililowekwa, ikatoa ukungu mwembamba, kisha ikajifunga bila kuacha tone. Ikidondosha, hairudi kwenye injini.

Akimaliza juu, hushuka chini. Kiatu cha breki kinachoendelea kugusa gurudumu baada ya breki kuachiwa humlazimisha dereva kuongeza nguvu safari nzima, na hakuna kipimo cha injini kitakachomwonyesha kosa hilo. Magurudumu nayo hukerezwa yarudi kwenye umbo lake, na hapo ndipo mkono wa mzoefu unapoonekana: akikata kidogo mno, kasoro inabaki, akizidisha, amekula uhai wa gurudumu. Tena magurudumu ya kichwa kimoja lazima yakaribiane kipenyo, la sivyo mota moja kati ya zile za umeme zinazoyazungusha itabeba mzigo wa mwenzake.

Mwisho huja jaribio la mzigo. Kichwa husimama palepale, injini ikapandishwa ngazi kwa ngazi, na umeme wa jenereta ukapelekwa kwenye vikinza vinavyougeuza kuwa joto. Nguvu inayotoka hulinganishwa na dizeli inayoingia. Hapo ubishi huisha.

Hakuna hata moja kati ya hatua hizi inayookoa mafuta mengi peke yake. Zinaokoa zikifuatana, kila zikifika tarehe zake, kichwa kikiwa bado kizima. Ndiyo maana ustadi huu hufa upesi pale fundi anapolazimika kurudisha nozo iliyochoka kwa sababu stoo haina nyingine. Shirika la umma linalotaka kupunguza bili ya dizeli lianzie kwenye rafu hiyo ya vipuri, kabla ya kumwandikia dereva barua ya onyo.