Kovu la Fataki

Bunduki ya bolti inapofyatuliwa ikatoa mlio wa chuma tu, mwenye pupa huifungua papo hapo. Fundi haifungui. Mtutu anauelekeza mahali salama na kungoja sekunde 30 au zaidi, kwa kuwa baruti iliyochelewa kushika moto yaweza kulipuka usoni. Heshima yangu kwa ufundi huu inaanzia kwenye kungoja huko.

Kisha huitoa risasi akaitazama kitako. Katikati pana fataki, kinachowasha baruti, na juu yake pini ya kugongea imeacha kovu. Likiwa limezama vizuri, bunduki imetimiza wajibu wake. Mkosaji ni risasi. Likiwa la juujuu, ndani ya bolti kuna kinachoila nguvu ya pini. Pengine springi imechoka, au ncha ya pini imelika, au risasi imekaa kwa kulegea kwenye chemba hata inasogea mbele inapogongwa. Lakini mara nyingi ni jambo la aibu: mafuta ya zamani yaliyoganda kama gundi, tena yalitiwa kwa nia njema. Wenye bunduki wengi hudhani mafuta hayazidi.

Paul Mauser wa Oberndorf, Ujerumani, alimfikiria fundi huyu. Katika bunduki yake ya 1898, pini na springi yake hutoka kwenye bolti kwa kuzungushwa kwa mkono, bila bisibisi. Kwangu huo ni uungwana: kumwachia njia ya kuingia mtu usiyemjua.

Hata hivyo, bunduki husingiziwa. Aprili 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, meli ya Kijerumani Rubens, ikijifanya ya Denmark, ilishambuliwa na manowari ya Kiingereza katika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Bunduki na risasi zikaopolewa, ila risasi zilikuwa zimelowa maji ya chumvi. Zilifunguliwa, baruti ikaanikwa, zikafungwa tena, na bado baadhi zilikataa kulia. Ambaye angebadilisha springi siku hizo angekesha bure.

Basi bunduki yako ikigoma, usiichokonoe mwenyewe. Mtafute fundi mwenye leseni, umweleze risasi ilikuwa ipi na ilikataaje. Akikudai pesa ya springi mpya kabla hajaulizia kovu la fataki, tafuta fundi mwingine.