Simu haimsumbui mwanabodaboda, humkengeusha

Hapa Bokoli, Kaunti ya Bungoma, aghalabu nasikia ikisemwa kuwa wanabodaboda ‘husumbuliwa’ na simu barabarani. Anayesema hivyo huwa analifasiri neno la Kiingereza ‘distraction’ kuwa ‘usumbufu’. Naona tafsiri hiyo inapotosha.

Asili ya neno hilo ni kitenzi cha Kilatini ‘distrahere’: ‘trahere’ ni kuvuta, nacho kiambishi ‘dis’ huleta maana ya kutenganisha. ‘Trahere’ hiyo hiyo ndiyo iliyozaa ‘trekta’, mtambo unaovuta plau katika mashamba ya mahindi ya Kitale. Basi aliyepatwa na ‘distraction’ ni mtu ambaye fikira zake zimevutwa kando. Enzi za Shakespeare neno hilo liliweza kumaanisha hata wazimu. Kwa Wafaransa wa leo ni burudani pia.

Kusumbua ni kumtia mtu taabu au kumuudhi. Anayesumbuliwa hujua, na hulalamika. Mwanabodaboda anayesoma ujumbe huku akitabasamu halalamiki ng’o! Huyo amekengeushwa, kwa kuwa kukengeuka ni kwenda kando, kuacha njia.

Wapo watakaosema kwamba ‘ukengeufu’ ni neno linalonukia dhambi, kwani katika Biblia hutumiwa kwa maana ya kuiacha imani. Ni kweli, lakini hata huko maana ni ile ile ya kuacha njia.

Tukiita jambo hili usumbufu, tutamwonya kijana dhidi ya kinachomuudhi, ilhali kinachoweza kumuua ni kile kinachomfurahisha.