Mita 300 za Njia ya Misafara

Njia ya zamani ya misafara, ile iliyopitisha pembe za ndovu na watumwa waliofungwa minyororo kutoka Ujiji hadi Bagamoyo, inakatiza kanda tatu za ramani. Bagamoyo na Mpwapwa ziko Kanda ya 37 Kusini, Kilimatinde na Tabora ziko Kanda ya 36, na Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, imeangukia Kanda ya 35. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hiyo kwenye orodha yake ya mapendekezo kwa UNESCO, na Kwihara ya Tabora ni kimojawapo cha vituo vilivyotajwa. Anayetaka kuichora yote kwenye ramani moja anahitaji chombo cha kuhamisha namba kutoka kanda hadi kanda bila kuziharibu. Kwa watu wengi chombo hicho ni PROJ.

PROJ ni maktaba ya programu: hesabu zilizokwisha kuandikwa ili programu nyingine zizitumie. Iliasisiwa na Gerald Evenden, mtaalamu wa shirika la utafiti wa jiolojia la Marekani, na leo programu za ramani kama QGIS na GDAL haziendi bila yake. Wengi wanaipokea ikiwa imeshajengwa, wala hawajui kama wanayo. Mimi naisifu kazi ya kuijenga mwenyewe kutoka kwenye msimbo wake.

Kazi hii ina utaratibu usiopenda papara. SQLite hutangulia, pamoja na programu yake ya kuandikia amri, kwa sababu PROJ huitumia wakati wa ujenzi kutengeneza hifadhidata yake, proj.db, kutoka mafaili ya maandishi matupu. Zinafuata maktaba ya picha za TIFF na ile ya curl ya kuvuta data mtandaoni. Aliye mahali ambapo mtandao unasuasua anaweza kuziacha zote mbili, akiagiza hivyo mapema. Fundi wa tembe hapandishi udongo wa paa nguzo hazijasimama. CMake, programu inayoongoza ujenzi, nayo ikiikosa SQLite husimama palepale na kutaja ilichokosa. Hapo ndipo fundi anapojulikana. Mwenye haraka huona maandishi mengi, akafunga kompyuta. Fundi hupanda juu hadi kosa la kwanza, kwa kuwa mengi yaliyo chini yake ni watoto wake tu.

Baada ya kompaila kumaliza, majaribio yaendeshwe yote. Halafu chagua pa kusakinisha. Napenda folda yangu mwenyewe, mbali na za mfumo, maana kompyuta yenye PROJ mbili huzaa balaa maalumu: maktaba mpya inafungua proj.db ya zamani, kisha inalalamika kwamba hifadhidata hiyo imetoka kwenye usakinishaji mwingine. Aliyeijenga kwa mikono yake anajua papo hapo aende folda gani. Aliyepewa tayari huanza kubahatisha.

Ipime kwa mahali unapopajua. Tabora iko magharibi kidogo ya longitudo 33, mstari wa kati wa Kanda ya 36, ambao hupewa namba ya mashariki ya mita 500,000, kwa hiyo namba ya Tabora lazima iwe pungufu kidogo ya hapo. Ukipata upuuzi, angalia kama umetanguliza longitudo: tangu toleo la 6, lililotoka mwaka 2019, anayetaja mfumo wa latitudo na longitudo kwa namba yake ya EPSG, orodha ya mifumo ya ramani, hutaja latitudo kwanza.

Uangalifu huu wote una sababu. Ramani za serikali za kipimo cha 1:50,000 zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, ilhali simu zetu hutumia WGS 84. Nukta ya Kwihara ikitolewa kwenye ramani hizo na kuwekwa juu ya picha ya setilaiti bila kubadilishwa, inakwenda kando karibu mita 300. Kosa hilo halipigi kelele. Ramani itatoka safi, yenye rangi nzuri, na tembe la Kwihara alilokaa msafiri Livingstone mwaka 1872 litakuwa limehamia kwenye shamba la mtu. Na PROJ yenyewe, isipopata njia bora ya kubadilisha mfumo mmoja kuwa mwingine, inaweza kutoa makadirio yasiyogusa tofauti hiyo kabisa. Anayejua chombo chake kimejengwa na nini atauliza namba hii imepita njia ipi. Swali hilo, kwangu, linatosha kulipia jioni nzima ya kusoma makosa ya kompaila.

Tabora ina Chuo cha Ardhi, mahali ambapo vijana hufundishwa uchoraji wa ramani. Kwao nasema: msimbo wa PROJ ni wa bure, leseni yake inaruhusu kuusoma, kuubadilisha na kuugawa. Ubebeni kwenye flashi pamoja na SQLite, mjenge, kisha mwanze na nukta ya Kwihara.