Mwanzishaji wa Mchakamchaka

Shuleni kwetu Singida, miaka ya 1980, mwanzishaji wa nyimbo za mchakamchaka nilikuwa mimi. Alfajiri, baridi na vumbi. Nyimbo nyingi zilikuwa bado zinamkebehi Iddi Amin, ingawa vita ya 1978–79 ilikuwa imekwisha. Ukizipima kwa maneno, ni nyepesi mno. Uzito wake uko kwenye mapigo: mguu wa kushoto unatua, wenzako wanaitikia, nawe unapata nafasi ya kuvuta pumzi. Hofu haina pa kuingilia.

Kwa kipimo hicho naupa alama nzuri hata wimbo "Scatman" wa John Larkin, Mmarekani aliyegeuza kigugumizi chake kuwa uimbaji. Haile Gebrselassie wa Ethiopia alilinganisha hatua zake na mapigo ya wimbo huo Februari 1998, mjini Birmingham, alipovunja rekodi ya dunia ya mita 2,000 za uwanja wa ndani.

Lakini mchakamchaka una kasoro moja kubwa: unamzoesha mtu kuitikiwa. Siku ya mashindano nilisimama mstarini peke yangu, kimya, magoti yakitetemeka. Sikushinda hata mara moja.

Mwaka 2025 Alphonce Simbu, mtoto wa mkoa huu huu, alishinda marathoni ya dunia Tokyo. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda uleule, saa 2:09:48. Waliachana kwa sekunde 0.03. Nilipoutazama mwisho ule, mguu wangu wa kushoto ulikuwa ukipiga sakafu, hata mke wangu akauliza naitikiana na nani.