Umuryango na Mlango: Tahakiki ya Kitabu Kuhusu Koo za Kinyaga

Katika safu hii tunakitazama kitabu cha Catharine Newbury, The Cohesion of Oppression, kilichotolewa na Columbia University Press mwaka 1988. Si kipya, wala si cha Kiswahili. Tumekichagua kwa sababu kinahusu Kinyaga, eneo lililokuja kuitwa Cyangugu, ambamo Rusizi yetu imo. Na kwa sababu wanafunzi wanaoandika habari za koo zao za wakati wa ukoloni hukwama mahali ambapo mwandishi huyu alipita salama.

Newbury anachunguza miaka ya 1860 hadi 1960, na hakuridhika na habari za watawala. Alikusanya historia za koo kutoka kwa wazee wa Kinyaga wenyewe: babu alitoka wapi, alimtumikia nani, ng'ombe walikwenda kwa nani. Kutokana na majibu hayo anaonyesha jambo zito. Katika umuheto, ukoo kwa jumla ulikuwa na mlinzi wake, ukamtolea ng'ombe. Katika ubuhake, ulioenea zaidi wakati wa ukoloni, aliyefungwa ni mtu mmoja mmoja. Nayo shokoa ya uburetwa iliwaangukia wakulima walioitwa Wahutu. Hivyo jina hilo likapata uzito mpya Kinyaga tangu enzi za Mwami Rwabugiri, na zaidi chini ya Wabelgiji, huku nguvu za koo zikipungua. Hiyo kwetu ndiyo sifa kuu ya kitabu.

Mwanafunzi wetu hukwama kwenye neno ubwoko. Kwa Kinyarwanda hutaja Abasinga, Abagesera, Abazigaba na wengineo, na ndani ya makundi hayo wamo Wahutu, Watutsi na Watwa. Lakini vitambulisho, walivyoanzisha Wabelgiji katika miaka ya 1930 na ambavyo viliondolewa baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, vilikuja kulitumia neno lilo hilo kwa Hutu, Tutsi na Twa. Mwanafunzi anayeandika "kabila" kila anapokuta ubwoko humjibia mzee swali ambalo hakumuuliza. Mzee amesema yeye ni Umusinga. Karatasi inamrudisha kwenye kitambulisho. Kosa hili si la sarufi, na alama mbili za kupunguza hazilitoshi.

Kwa umuryango hakuna haja ya kuhangaika. Ni jamaa wa babu mmoja, na ni mlango wa nyumba pia. Kiswahili cha pwani nacho husema "mlango" kwa maana zote mbili. Ubwoko wa Abasinga tuuite ukoo, na "kabila" tuliache mpaka msemaji alitaje mwenyewe.

Wapo wanaoshauri tuanzie kwenye vitabu vya ubatizo, kama wafanyavyo Wakanada wa Quebec, nchi ya Padri Georges-Henri Lévesque aliyeanzisha Chuo Kikuu cha Taifa pale Butare mwaka 1963. Kweli, Padri Cyprien Tanguay alitoa juzuu saba za nasaba za familia za Wakanada wa asili ya Kifaransa kati ya 1871 na 1890, akitumia vitabu vya parokia. Lakini kwao jina la ukoo hushuka kutoka baba hadi mtoto. Kwetu kila mtoto hupewa jina lake, na misheni ya Mibilizi ilifunguliwa mwaka 1903 tu. Mwenye kutafuta kwa majina peke yake atampoteza babu kabla ya kufika kwa baba yake. Vitabu hivyo visaidie kuhakikisha miaka. Nasaba itoke kwa wazee, kama alivyofanya Newbury.

Jambo moja Wakanada hao wametuzidi: kitabu cha ndoa kwao humtaja bibi harusi kwa jina la kwao pamoja na wazazi wake. Historia za koo za Kinyaga hufuata upande wa baba, na kitabu hiki kinazifuata huko huko. Ajabu ni kwamba ubucurabwenge, nasaba ya wafalme wa Rwanda, huwataja mama wafalme na koo walikotoka. Walioachwa ni bibi za wakulima. Basi katika hojaji ya muhula ujao tumeongeza swali: bibi yako alizaliwa katika mlango gani?